Maua ya porini mbele ya nyumba, Lubumbashi: misimu miwili bure, nakosea wapi?

Mama wa Kichuguu · Lubumbashi · 11 Aprili

Yambo sana wote.

Naandika nikiwa barazani, na mbele yangu kuna kipande cha ardhi cha mita 6 kwa 9 ambacho kimeniaibisha mara mbili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa komini ya Annexe, njia ya Kipushi. Tulipoinunua parsele (kiwanja) ilikuwa bado pori, au tuseme mabaki ya pori: miti mikubwa ilishageuka makala (mkaa) kabla yetu, visiki tu vilibaki vikichipua. Lakini chini palikuwa na maua. Mwezi wa 10, mvua haijakaa sawa, palitokeza vichwa vyekundu vya duara kama mpira wa nyuzi, kila kimoja juu ya bua lake, majani bado hayajafunguka. Binti yangu alivihesabu, vikafika 23. Karibu na Noeli yakaja mengine ya manjano, yamelala chini kabisa katikati ya majani manne yaliyotandazwa kama sahani. Hayana bua. Ukipita haraka unayakanyaga.

Kisha tukajenga. Kokoto, mchanga, saruji, toroli za mafundi huku na huku. Mnajua wenyewe.

Msimu wa kwanza baada ya kuhamia nikasema maua yangu nitayarudisha. Nikaagiza samadi ya kuku, kamyoneti nzima, nikaichanganya na udongo mpaka ukawa mweusi kama wa tuta la lengalenga (mchicha). Mbegu nilichuma barabarani, hasa za ule mmea wa maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti, maana ndiyo yaliyonivuta jicho. Mwezi wa 9 nikapanda, nikamwagilia kila jioni. Kilichoota ni nyasi zilizonipita kimo, lengalenga ya porini, na hayo ya manjano, ambayo sasa ni ukuta wa mita 3 unaoinamia kwa jirani.

Msimu wa pili kijana mmoja muuza makala aliniletea kiroba cha vitunguu vya porini, akaapa ni vile vyekundu. Ilikuwa mwezi wa 5. Nikavipanda siku hiyo hiyo, nikavimwagilia kiangazi chote, Juni, Julai, Agosti, na maji yenyewe ni ya kununua kwa bidoni (madumu). Mwezi wa 9 nikafukua kimoja nione kama kimeshika mizizi. Uji. Nikafukua cha pili, uji. Vilikuwa zaidi ya 30.

Sasa jirani wa kushoto anasema majani yangu yanaita nyoka. Mume wangu anataka tuwaitie watu wa matofali wakichimbe kichuguu cha kona ya nyuma, maana kina urefu wa watu wawili na udongo wake unauzika. Na wageni wakifika wananiuliza kwa nini nisiweke gazoni (nyasi fupi za kukatwa) na mawaridi kama watu. Mawaridi siyataki. Nataka vile vichwa 23.

Nakosea wapi, na nianze upya na nini?

Vumbi wa Katuba · 11 Aprili

Yambo mama. Miye nakwambia kintu kimoja tu: ile kijana ya kukata majani, umuonyeshe kila kintu na kidole. Miye wangu nilimwambia "safisha mu parsele", nikaenda ku kazi, kurudia nikakuta bulongo mutupu. Maua ya bibi yangu yote ilienda. Na nikamulipa juu yake. Bibi mpaka leo ananikumbushaka.

Muzee Toroli · Lubumbashi · 12 Aprili

Mama mwalimu, pole. Nimesoma habari yako mara mbili, ya pili kwa sauti, na mke wangu alipofika kwenye kamyoneti ya samadi alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Usikasirike. Nimefanya bustani za watu mji huu miaka 34, Golf, Bel-Air, Makomeno, na kwa masista, na kosa lako la kwanza ndilo langu la kwanza. Bosi mmoja aliniambia "nataka pori mbele ya nyumba", nikampa pori samadi. Nikavuna nyasi za kulisha ng'ombe wa Kipushi nzima.

Ua la pori la huku ni mtoto wa njaa. Udongo wetu wa miombo ni mwekundu, una tindikali, chakula chake ni kidogo. Kwa sababu hiyo nyasi kubwa hazinenepi, zinakaa zimetawanyika, na katikati yake ua dogo linapata jua. Ukimwaga samadi umewaandalia karamu wenye mabavu. Wao wanakula kwanza, wanapanda juu, wanafunika, na ua lako la kulala chini kama sahani linakufa gizani. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza mwaka huu ni kupokonya. Kwangua udongo wa juu, kina cha kiganja, uupeleke wote kwenye lengalenga na matamba (muhogo wa mboga). Huko utashukuriwa. Kinachobaki chini, chekundu, kikavu, cha kusikitisha, hicho ndicho kitanda cha maua.

Ukiwa unakwangua, tazama karibu na msingi wa nyumba na pale mafundi walipokuwa wakichanganya saruji. Utakuta tabaka la kijivu, gumu. Hilo lichimbue ulitoe kabisa. Saruji ina chokaa, na mimea iliyozoea tindikali hailipendi jambo hilo. Mimi naacha hata hatua moja nzima kati ya ukuta na kitanda, naweka kokoto.

Pili, kalenda. Mvua ya Lubumbashi ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kuanzia Novemba mpaka Machi. Mei hadi Septemba mbingu zimefungwa. Mmea wa hapa umejipanga hivyo tangu babu yake. Kiangazi unajificha chini ya ardhi, kwenye kitunguu au kwenye mzizi mnene kama mkono wa fundi, na unalala. Kitunguu kilicholala ni kama samaki mkavu: ukikimwagia maji hakifufuki, kinaoza. Bidoni zako za Julai ndizo zilizoviua. Ungeviacha pakavu, hata bila kuviangalia, pengine nusu ingekuamkia Oktoba.

Halafu kuna neno juu ya huyo kijana wa kiroba, na hapa sitakubembeleza. Usinunue tena. Vitunguu 30 vinatoka mahali, na mahali hapo sasa ni mashimo. Mimea ya namna hii inachukua miaka mpaka ichanue. Mama wa chikanda sokoni akikusimulia anakotoa viazi vyake utaelewa: zamani waliokota nyuma ya kijiji, siku hizi mzigo unasafiri kutoka mbali. Na chikanda ni okidi, kama hukujua. Huo mkate wa karanga na pilipili tunaoukata vipande ni viazi vya maua.

Chuma mbegu. Mbegu haiachi shimo.

Kuhusu ukuta wako wa manjano: jitu hilo si mwenyeji. Tithonia, limetoka Meksiko na nchi za jirani zake, likaletwa kwa uzuri wake, sasa limeshika barabara zote. Hata jacaranda zinazoupaka mji huu zambarau mwezi wa 9 na wa 10 ni za Amerika ya Kusini, lakini jacaranda ana adabu kuliko jitu hili. Tithonia kata leo, kabla mbegu hazijakauka, kisha uchimbe visiki, maana ukikata tu linachipua kwa hasira. Majani yake yana virutubisho vingi, yafukie kwenye shamba la mahindi. Usiyaache hata kiganja kimoja kwenye kitanda cha maua, itakuwa samadi ya kuku kwa jina lingine. Lantana pia ukiiona, ing'oe.

Sasa cha kufanya, kwa kuwa tuko Aprili na bado una bahati ya mwaka.

Mwezi wa 5 na wa 6 shika njia ya Kipushi kwa miguu asubuhi ya Jumamosi. Chukua bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, mbegu zinavunda humo. Utaona kando ya njia maua ya manjano membamba, yamejaa mengi kama vile mtu aliyamwaga, yanatikisika kwa upepo. Ni ndugu wa kishona nguo, lakini kishona nguo cha kawaida ni mgeni na ua lake ni duni; haya yana petali pana, za dhahabu. Mbegu yake pia ni sindano nyeusi na itakushika sketi. Ndivyo alivyojaliwa kusafiri, wewe msaidie tu. Chuma zikiwa nyeusi kabisa. Za kijani hazioti.

Utaona pia bua refu la kwenda juu lenye mipira ya miiba, mmoja juu ya mwingine kama mishikaki, na kila mpira umechomoza maua ya rangi ya chungwa yenye manyoya. Leonotis. Huyo anaota hata kwenye jalala, na chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, hawezi kumpita. Inamisha bua kavu kwenye bahasha ulipige. Chukua mabua mawili tu, inatosha kwa mita 6 kwa 9 na itabaki ya kugawa.

Ukiona ganda lililovimba linalolia chakacha ukilitikisa, hiyo ni jamii ya marejea. Mbegu zake ngumu. Siku ya kupanda zimwagie maji ya moto, si yanayochemka, zilale humo usiku mmoja. Zilizovimba panda, ambazo hazikuvimba rudia.

Chukua kidogo kila mahali, uache mengi. Na mahali penye mwenyewe, omba.

Julai au mwanzo wa Agosti kata kila kitu kilichosimama kwenye kitanda, kwa upanga, urefu wa kiganja kutoka ardhini. Porini kazi hiyo inafanywa na moto, na ndiyo maana baada ya moto unaona maua yanatoka kwenye majivu kabla hata ya tone la mvua. Mjini usichome, jirani ana haki ya kulala. Lakini ukishakata, kusanya majani yote uyatoe nje. Watu wengi wanakata vizuri halafu wanaacha majani yaoze pale pale, na kila mwaka udongo unazidi kunona, na baada ya miaka minne wanarudi kuniuliza maua yameenda wapi.

Kupanda ni Novemba, mvua ikishanyesha mara tatu nne na ukaona inaendelea. Ile mvua moja ya Oktoba ni ya kudanganya. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili mkono wako ugawe sawa, rusha, pitisha reki kidogo, kisha kanyaga. Ndiyo, kanyaga kwa miguu, au weka ubao upite juu. Usizifukie. Mbegu ndogo ikifukiwa kina cha kidole umeizika. Na kuku wa nyumbani wafungie wiki tatu, la sivyo umewapikia.

Mwisho, na hili ndilo napenda. Kabla hujakwangua chochote, tazama pale ambapo hapakuwekwa rundo la mchanga wala njia ya toroli. Vile vichwa vyekundu vinakaa kwa kitunguu chini sana. Huenda baadhi wako hai wanakungoja. Pale usiguse. Oktoba tembea kila asubuhi, ukiona ncha inachomoza weka kijiti, na mwonyeshe kijana wa upanga, kama anavyosema huyo bwana wa Katuba.

Agro Kasapa · Lubumbashi · 12 Aprili

Muzee amesema karibu yote. Mimi nasoma agronomia, naongeza mawili.

Vichwa vyekundu ni Scadoxus multiflorus. Ya manjano ya kulala chini ni Costus spectabilis. Hiyo ya pili ni ndugu wa mbali wa tangawizi na inapenda kivuli chepesi cha mti, kwa hiyo kama visiki vya parsele vinachipua, acha kimoja au viwili vikue. Miombo inachipua vizuri kwenye kisiki. Ukingoja upande mti kutoka mbegu utazeeka.

La pili ni kichuguu. Mama, hicho ni kazi ya mchwa anayeitwa Macrotermes falciger, na huku Katanga vichuguu vyake vinaweza kupanda mpaka mita 8. Udongo wake ni mfinyanzi ulioletwa kutoka chini, una kalsiamu zaidi na tindikali kidogo kuliko udongo ulio pembeni. Kwa hiyo mimea yake ni mingine kabisa: aloe, mkonge pori, vichaka ambavyo huvioni mita 10 kutoka hapo. Una bustani mbili kwenye parsele moja. Kama mnalazimika kuuza udongo, uzeni upande mmoja. Lakini kwa faida yako, usiruhusu mabaki yatawanywe pale mbele. Wakulima wanaumwaga shambani kwa sababu unanonesha, na wewe hutaki kunonesha.

Mama wa Kichuguu · 12 Aprili

Aksanti sana, papa Toroli na mdogo wangu wa Kasapa. Nimemsomea mume wangu kuhusu kichuguu. Amesema "tutaona", ambayo nyumbani kwetu ni karibu na ndiyo.

Nina maswali. Kuna ua moja la kupanda kwenye uzio, petali zake zimegeuka juu kama miali ya moto, nyekundu na manjano, na ncha za majani zinajisokota kushika waya. Limejiotea lenyewe upande wa choo cha nje. Nilihamishe mbele? Nina watoto wawili na wa dada yangu watatu.

Na lingine: mwalimu mwenzangu ananiambia nikachukue "ua la shaba" kule kwenye vilima vya mgodi, kwamba ndilo ua halisi la Katanga. Ni kweli?

Na jirani wa nyoka nimjibu nini?

Agro Kasapa · 13 Aprili

La uzio ni Gloriosa superba. Ni sumu, mmea mzima, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Kina umbo la kidole kilichokunjwa na mtoto anaweza kukidhani kiazi cha kula. Kwa watoto watano mimi ningeliacha pale pale nyuma, ningewaonyesha watoto wote jina lake na kuwaambia hakiliwi, na nisingelichimba. Hata vitunguu vya Scadoxus ni sumu, tena vinafanana na kitunguu cha jikoni. Visihifadhiwe karibu na jiko hata siku moja.

Kuhusu ua la shaba, mwenzako anasema kweli nusu. Lipo, Haumaniastrum katangense, jamii ya rehani, maua ya zambarau iliyopauka, linasimama kwenye udongo wenye shaba ambao mimea mingine inakataa. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliwahi kulifuata kutafuta mahali mababu walipoyeyushia shaba. Lipo pia Crotalaria cobalticola la manjano kwenye udongo wa kobalti. Kwenye vilima hivyo kuna spishi zaidi ya 30 ambazo hazipatikani pengine duniani, na kilima kikichimbwa zinaondoka nacho.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kutochukua ni kwamba si nyingi. Ya pili ni udongo. Mtu akikuletea mmea na bonge lake la udongo amekuletea shaba, kobalti na wenzake mpaka mlangoni ambapo watoto wanacheza. Mwaka 2009 utafiti uliohusisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ulichapishwa ukionyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Vumbi ni njia mojawapo ya kuingia mwilini. Mbona tutie vumbi hilo bustanini?

Ukitaka kuona mimea inayovumilia shaba, nenda upande wa Penga Penga, chini ya upepo wa bomba la kiwanda cha kuyeyushia, kile kilichoanza 1911. Pale ardhi ilibaki uchi miaka mingi. Watu wa kitivo chetu walijaribu nyasi kadhaa pamoja na chokaa na mbolea ya mboji, na nyasi moja fupi ya vilima vya shaba, Microchloa altera, ilionyesha kwamba inaweza kushika udongo huo usipeperuke. Si ua la kuvutia. Lakini mimi nikiliona nafurahi kuliko waridi.

Muzee Toroli · 13 Aprili

Jirani wa nyoka ni mtu wa maana, usimdharau. Mimi kila bustani ya pori niliyofanya niliizungushia ukanda uliokatwa chini kabisa, upana wa mita moja, upande wa barabara, upande wa jirani na upande wa mlango. Nyoka hapendi kuvuka mahali peupe, na wewe unaona unapoweka mguu. Lakini faida kubwa iko kwa macho ya watu. Pori lisilo na mpaka ni uvivu wa mwenye nyumba. Pori lenye mpaka ulionyooka ni bustani. Mkuu wa avenue (mtaa) akipita siku ya salongo (usafi wa pamoja) anaona ukanda, anaona kamba na vijiti, anasema "huyu mama anafanya kitu". Ukanda huo ukate kila wiki mbili wakati wa mvua, hata ukiwa umechoka. Ndani ukikata pungufu si neno, ukanda hausamehewi.

Na mpelekee mbegu za Leonotis kidogo. Mtu akishakuwa na chozi kwake hazungumzii nyoka tena.

Dada Mawe · Goma · 14 Aprili

Nawasoma na wivu. Huku kwetu nimejengewa juu ya mawe ya Nyiragongo ya 2002, udongo ninao kwenye makopo tu. Kilichoota chenyewe kwenye jiwe ni ule utando mkavu wa kijivu unaoshika mawe (lichen), halafu majani ya jamii ya kangaga kwenye nyufa. Nimeacha kuyakwangua baada ya kusoma hapa.

Vumbi wa Katuba · 14 Aprili

Dada wa Goma, usikwangule. Njo mwanzo wa bulongo ile.

Mama wa Kichuguu · 2 Februari

Nimerudi na habari, nzuri na mbaya zimechanganyika.

Samadi niliikwangua mwezi wa 5 na wanafunzi wawili wa zamani waliokuja kunisalimia bila kujua wanakokwenda. Toroli 41. Matamba yangu hayajawahi kuwa namna hii. Tithonia nimeikata mara nne, mara ya nne ndipo nilipochimba visiki kweli, mara tatu za mwanzo nilikuwa nabembeleza.

Oktoba nilitembea kila asubuhi na chai mkononi. Tarehe 17 nikaona ncha moja chini ya kichuguu, upande ambao mafundi hawakufika kwa sababu waliogopa siafu. Vikatoka vinne. Vinne kutoka 23. Binti yangu sasa yuko darasa la tano, alivihesabu tena na akaandika ukutani kwa penseli, chini ya namba ya zamani. Nimeweka vijiti na kitambaa chekundu, kama mtu anayeogopa wachawi.

Novemba nilipanda kama nilivyoelekezwa, nikakanyaga na watoto wote watano kwa mstari, tukiimba. Siku ya nne ikashuka mvua ya kishindo ikafagia karibu nusu ya mbegu mpaka getini. Sasa zile za manjano ziko kwangu mahali mahali, na nyingine zimeota kwenye mfereji wa avenue, nzuri kuliko zangu, bado hazijachanua lakini zinafika magotini. Watu wanazipita kwa heshima, wanadhani komini imezipanda. Papa Toroli, mwaka kesho naweka vijiti vya kuzuia maji kwa mkingamo, au kuna namna bora?

Leonotis ilianza kuchanua wiki iliyopita. Chozi amefika siku ya tatu. Jirani amechukua mbegu za bahasha zilizobaki, lakini ukanda ananisimamia yeye mwenyewe. Nikichelewa siku mbili ananigongea.

Kichuguu: watu wa matofali wamechukua upande wa ukuta, mume wangu amepata zinki (mabati) za choo, na upande wa ndani umebaki na aloe zake. Tumekubaliana hivyo.

Gloriosa iko palepale uani, na hakuna mtoto aliyeigusa. Wa dada yangu mdogo anaiita "ua la hospitali".

Nina swali moja tu sasa. Katikati ya kitanda, mahali ambapo sikurusha mbegu yoyote, kumetoka majani matano yaliyosimama wima, membamba, bapa, yamepangana kama vidole vya feni ya mkono, na yana mishipa ya kwenda juu. Kijana wa upanga anasema ni nyasi, anataka kuing'oa. Nimemzuia mpaka mjibu.

Muzee Toroli · 2 Februari

Mwambie aweke upanga chini! Majani bapa kama panga lenyewe, ya kupangana, yenye mishipa, hiyo ni gladioli ya pori. Ilikuwa imelala chini ya samadi yako muda wote huo. Angalia kati ya sasa na mwisho wa Machi, bua litapita majani na litachanua kuanzia chini kwenda juu. Piga picha utuwekee hapa.

Maji: magogo membamba kwa mkingamo, kila hatua mbili, yafukie nusu. Na kwenye mfereji wa avenue chuma mbegu mwezi wa 5 kabla hawajasafisha.